Sura ya Nne: Joho la Marehemu Mfalme

Inspekta Raymundi Gama alikwisha kupeleleza wizi wa ng'ombe, wizi wa mabati, na mara moja wizi wa mzinga wa asali uliochukuliwa pamoja na nyuki wake. Hakuwahi kuitwa kwa sababu mfalme ameibiwa nguo. Asubuhi ile ya Jumamosi alisimama katikati ya ghala la Ratilal, nyuma ya soko la Tabora, mikono nyuma, akiitazama meza tupu ambayo jioni iliyopita mfalme alilazwa juu yake akiwa amekufa.

Pembeni yake alisimama Ratilal mwenyewe, muuza khanga na nyuzi, mtu mnene mwenye huruma nyingi na sauti kubwa, ambaye pia alikuwa mwenyekiti wa Klabu ya Tamthilia. Karibu na mlango alisimama Konstebo Damas, akijitahidi kutokanyaga majivu yaliyomwagwa kizingitini. Na kwenye benchi aliketi Fakhria binti Darwesh, mwalimu wa shule ya msingi. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini kila alipoulizwa alijibu sawasawa.

Klabu yenyewe haikuwa siri. Kila Ijumaa baada ya magharibi watu wa kazi mbalimbali walikutana ghalani kusoma tamthilia za kale za Wayunani, ambazo Fakhria alizitia katika Kiswahili kwa mkono wake, kisha wakabishana juu yake mpaka kahawa iishe. Michezo ikionyeshwa Dodoma au Mwanza, walijikusanya wakapanda treni daraja la tatu, wakatazama, wakarudi wakibishana njia nzima mpaka abiria wengine wakaingilia. Tangu Azimio lipite, ofisa mmoja aliwahi kuuliza Wayunani wanawasaidia nini wajenga ujamaa. Ratilal alimjibu kwamba wafalme wote katika tamthilia hizo wanaishia vibaya, na ofisa akaridhika.

Ijumaa hii kwa mara ya kwanza hawakusoma, waliigiza. Waliwaalika majirani wa soko na wa mtaa wa Chemchem, na mfalme alikuwa Mayala, bwana mifugo, Mnyamwezi wa upande wa Nzega. Kwa maelezo ya Ratilal, Mayala alikufa vizuri kuliko watu wengi wanavyokufa kweli. Wanawake walilia. Ghala zima lilikaa kimya, isipokuwa Mzee Kondo, balozi wa nyumba kumi, aliyeketi safu ya mbele na kucheka mpaka akajifuta machozi kwa kofia. Ratilal alikuwa bado hajamsamehe.

Mchezo ulipokwisha, Mayala alivua nguo za kifalme, akazipanga mezani, wote wakatoka uani kunywa kahawa. Huko likazuka bishano kama malkia angeweza kumwokoa mumewe, na hakuna aliyegeuza shingo tena. Waliporudi ndani, meza ilikuwa tupu.

"Tuanze na kilichochukuliwa," alisema Inspekta.

"Joho, kilemba, bakora na makubadhi," Fakhria alijibu.

"Na kilichoachwa?"

Aliyeibiwa hana desturi ya kutazama alichobakishiwa. Inspekta akatazama mwenyewe. Taa ya karabai ilining'inia pale pale. Redio ya Ratilal ilikuwa juu ya rafu, nzima, inang'aa. Kwenye kiti cha malkia zililala bangili za fedha, fedha ya kweli, ambazo mtoto angeweza kuzitia mfukoni akiwa anapita. Makubadhi yaliyochukuliwa, kwa upande mwingine, yalikuwa ya Mayala mwenyewe, yamechakaa, nyayo zake zimepigwa kiraka cha tairi la baiskeli. Damas alisema mwizi huyu ni mjinga. Inspekta alizitazama bangili kwa muda mrefu.

Juu ya majivu, Damas alikuwa na fikra nyingine, nayo aliitoa kwa sauti ya chini: uchawi. Inspekta aliinama, akayagusa kwa kidole. Yalikuwa majivu ya kawaida ya mkaa, na yanayofanana nayo yalijaa jikoni uani ambako kahawa ilichemshwa. Mtu aliyachota pale, akaja kuyamwaga kizingitini kwa makusudi, bila haraka.

Kisha akamwomba Fakhria amweleze habari za joho.

Lilikuwa joho jeusi lenye ukingo wa nyuzi za dhahabu, la babu wa baba yake, lililofika Tabora na msafara kutoka Bagamoyo wakati mji huu ungali wa pembe na ngoma za wapagazi. Baba yake, Mzee Darwesh, mfanyabiashara wa samli na asali, alilivaa Idi mbili tu kwa mwaka. Siku zote nyingine lilikaa sandukuni na karafuu. Fakhria alilitoa bila kuomba, kwa kuwa baba alikuwa Kigoma, na kwa kuwa hakuna kitambaa katika duka la Ratilal kilichoweza kumfanya Mayala aonekane mfalme.

"Anarudi leo jioni na treni," alisema. "Aliniruhusu kuingia klabu kwa shingo upande. Alisema siku mchezo huu utakapoitia nyumba yake aibu, ndiyo siku ya mwisho ya mimi kukanyaga ghala hili. Na baba hasemi neno mara mbili."

Ratilal aliongeza, kwa huzuni ya kweli, kwamba bila Fakhria hapana klabu. Nani mwingine atawafanya Wayunani waseme Kiswahili? Wiki mbili zijazo walikuwa waende Mwanza wote pamoja. Inspekta aliona kwamba mwalimu huyu kijana hakuwa analilia nguo. Akavaa kofia yake na kuanza kazi.

Alianza na Ratilal, ingawa alimpenda, au pengine kwa sababu hiyo. Ilijulikana kwamba mwenyekiti alitaka kushona joho la satini kutoka dukani kwake na wanachama wakalikataa kwa kicheko. Ratilal alikiri. Lakini wakati wote wa kahawa alikuwa amesimama juu ya kinu kilichogeuzwa, akimtetea malkia, na klabu nzima ilikuwa shahidi, tena ilikuwa imechoka kumsikia.

Mtu wa pili alikuwa Mayala. Huyu alipunguza kelele za bishano kwa kuondoka mapema, kisha alfajiri gari la mifugo likamchukua kwenda Choma, upande wa Igunga, akiwa na mkoba mkubwa. Damas alichangamka. Akachangamka zaidi waliposimama kwa Bi Khole, muuza vitumbua wa njia panda ya Chemchem, ambaye alisema bila kuulizwa mara mbili kwamba alimwona mfalme akipita jana.

"Nilimwona Mayala mwenyewe na joho lake," alisema huku akigeuza kitumbua. "Nani mwingine anatembea vile? Guu la kushoto linakwenda sokoni, la kulia linataka kurudi nyumbani. Nilicheka mpaka mafuta yakaungua."

Kila mtu Tabora aliujua mwendo huo. Mayala alipigwa teke na fahali zamani, na tangu siku hiyo goti lake lina mambo yake. Inspekta akamtuma Damas kituoni apige redio Igunga: Mayala atafutwe Choma, mkoba ufunguliwe, ahojiwe. Yeye mwenyewe, kwa kufuata taratibu, akaenda kwa balozi kuuliza kama mgeni yeyote amelala mtaani.

Mzee Kondo alikuwa Mzaramo wa Kisarawe. Reli ilimleta Tabora akiwa kijana, akafanya kazi humo mpaka kustaafu, na kufikia hapo alikuwa na mke, mihogo na wajukuu Chemchem, akaona Kisarawe ni mbali. Alimpokea Inspekta kwa heshima zote. Shikamoo ikaitikiwa, kahawa ikaletwa, kiti kizuri kikafutwa vumbi. Nyumba ilinukia udi, jambo ambalo Inspekta aliliona la ajabu kidogo kwa saa ile ya mchana.

Mgeni hakuwapo mtaani. Mwizi naye, Mzee Kondo aliapa, hakumwona, na lau angemwona asingemficha hata angekuwa mjukuu wake. Inspekta alimtazama usoni na kuamini kwamba anasema kweli. Kisha mzee akaweka kikombe chini, akauliza kwa upole kabisa, "Na wewe, ndugu Inspekta, umekuja kwa niaba ya nani?"

"Kwa niaba ya Serikali, mzee."

"Serikali haijafiwa," alisema Mzee Kondo. "Wafiwa wakija, tutazungumza."

Inspekta alicheka kwa adabu, akaaga. Alidhani ni mzaha wa mzee juu ya kifo cha Mayala ghalani, na mzee yule alikuwa na mizaha mingi. Alikuwa amefika sokoni ndipo akaanza kusikia maneno yale upya, lakini hakuyapatia pa kuyaweka.

Jibu la Igunga lilikuja baada ya adhuhuri, na Damas alilileta bila furaha. Mayala alikutwa Choma kwenye josho, katikati ya ng'ombe wa kijiji, na mkoba wake ulikuwa umejaa sindano na dawa. Hakujua habari za joho. Yeye mwenyewe alikuwa na malalamiko: jana aliondoka mapema kwenye kahawa kwa sababu alirudi ndani kuchukua makubadhi yake akayakosa. Alidhani joho limeshahifadhiwa, na makubadhi wenzake wamemfichia kwa mchezo. Alikwenda kwao peku, akipita njia ya nyuma ya soko ili watu wasimwone.

"Basi tumebaki mikono mitupu, afande," alisema Damas.

Inspekta Raymundi alikuwa ameshasimama. Alirudi kwa Bi Khole kwa hatua ndefu, akamkuta anafunga biashara.

"Yule uliyemwona jana, alikuwa peku?"

"Peku? Makubadhi yalikuwa yanaimba, bwana. Pata, pata, pata, mpaka nikadhani yatakatika."

"Alikuwa na haraka?"

Hapana, hakuwa na haraka hata kidogo. Alisimama kila baada ya nyumba mbili, akainua bakora, akasalimia watu, akazidisha kuchechemea, watu wakacheka. Sura yake Bi Khole hakuiona vizuri, kwa kuwa ilikuwa imepakwa kitu cheupe.

Inspekta alinunua vitumbua vyote vilivyobaki, akampa Damas, na pale pale barabarani akaipanga kesi kwa sauti, kama alivyofundishwa chuoni. Mfalme wa ghalani hakuchechemea. Ratilal alikuwa amemsimulia jinsi alivyomfundisha Mayala miezi mitatu kutembea wima, akiwa na sinia kichwani. Aliyepita barabarani, basi, hakuwa anamwigiza mfalme. Alikuwa anamwigiza Mayala, na Mayala mwenyewe alikuwa njia nyingine, bila viatu. Mwizi hukimbia na kujificha. Huyu alitaka kuonekana. Aliacha fedha na redio, akachukua kila kitu kilichovuliwa mwilini mwa mtu mmoja, hata viatu vibovu.

"Nguo za marehemu," alisema. "Mwendo wa marehemu. Majivu mlangoni, majivu usoni, na watu wanacheka. Damas, wapi umeyaona haya yote mahali pamoja?"

Damas alimeza kitumbua. Uso wake ulipata nuru polepole. "Msibani," alisema. "Kwa watani."

Inspekta alikuwa Mngoni, na siku baba yake mkubwa alipozikwa, watani waliingia na koti la marehemu na kofia yake, wakamwigiza alivyokuwa akikohoa, na wakakataa kutoa chochote mpaka wafiwa waje kuwabembeleza. Shangazi zake walilia na kucheka kwa pumzi moja. Sasa alikumbuka kwamba wapagazi wa Kinyamwezi walipita Uzaramo na mizigo yao vizazi vingi, wakizikana njiani, mpaka utani ukawafunga pande zote mbili. Mzaramo ameketi safu ya mbele, Mnyamwezi amekufa mbele ya macho yake, amelazwa, amevuliwa nguo zikapangwa mezani. Angefanya nini, mtu wa watu? Alifanya wajibu wake.

Fakhria alipoelezwa hakujua alie au acheke, akachagua kucheka, na Inspekta alifurahi kuliona jino lake kwa mara ya kwanza siku ile. Kisha akauliza kwa nini basi mzee hakusema alipoulizwa.

"Kwa sababu alikuwa anangoja wafiwa," alisema Inspekta. "Amekaa na maiti yake tangu jana, hakuna ndugu aliyekuja. Tumempelekea polisi."

"Basi tumwite Mayala."

"Mayala si mfiwa. Mayala ndiye marehemu." Inspekta alivua kofia. "Mke wa mfalme alikuwa nani, mwalimu?"

Fakhria alisimama, akajifunga khanga nyeusi.

Ratilal alitumwa kutafuta jogoo, maana kwa mtani kitu hakikombolewi kwa maneno matupu. Ratilal alikuwa hajawahi kugusa nyama maishani, lakini alifika Chemchem amemshika jogoo mzima kwa mikono miwili iliyonyooshwa, akimwomba radhi kwa Kigujarati. Wanachama wengine walisikia, wakamfuata. Majirani waliona msafara wenye mwanamke aliyejifunga nyeusi mbele, na wao, kama watu wema, wakatoka kuja kuzika.

Mzee Kondo alikuwa amewaona mbali. Alitoka kizingitini amevaa joho, kilemba, na makubadhi ya Mayala, uso mweupe kwa majivu, akachechemea mpaka katikati ya ua.

"Nani hawa?" aliuliza. "Mimi nimekufa tangu jana, hata uji sijapikiwa. Nina mke kweli mimi?"

"Unaye, bwana wangu," alisema Fakhria. "Alichelewa njiani."

Akapiga magoti mchangani. Alichokisema kilikuwa kile kile cha Ijumaa, kilio cha malkia alichokiandika kwa wiki nzima, lakini ghalani alikisema akiogopa kusahau na sasa hakuogopa kitu.

"Nani atafungua mlango wa mashariki, nami nimezoea kukusikia ukikohoa kabla ya jua? Kiti chako nikiuze? Nani atajua kukikalia? Waliniambia mfalme hafi. Mbona kikombe chako kimepoa, na mimi ndiye niliyekitia?"

Mwanamke mmoja kati ya majirani alianza kulia bila kujua analia nani, na jirani yake akamshika bega naye akalia. Hata Mzee Kondo aliacha kuchechemea. Ratilal alikuwa anadondosha machozi juu ya jogoo.

Hapo ndipo Inspekta, aliyesimama ubavuni pa nyumba, alipomwona mtu mrefu wa kanzu amesimama nyuma ya watu, sanduku mkono mmoja na kikapu cha samaki aina ya migebuka mkono wa pili. Treni ya Kigoma ilikuwa imefika. Stesheni walimwambia Mzee Darwesh kwamba binti yake ameonekana akienda msibani Chemchem, analia sana, naye hakwenda nyumbani, alikuja moja kwa moja. Alikuwa ameshasema inna lillahi. Alikuwa ameshajifuta jicho kwa ncha ya kilemba. Kisha akaliona joho.

Watu walimpisha. Alitembea mpaka mbele ya Mzee Kondo, akalitazama joho la babu yake likiwa na majivu mabegani, akaugusa ukingo wake kwa kidole. Hata jogoo alinyamaza.

"Nililitoa mimi, baba," alisema Fakhria, angali magotini. "Bila ruhusa. Wengine hawana kosa."

Mzee Darwesh hakumtazama. "Nani amekufa?" aliuliza.

"Mfalme, baba."

"Mfalme wa wapi?"

"Wa Uyunani. Zamani sana."

"Na wewe ulikuwa nani yake?"

"Mkewe."

Mzee akaweka sanduku chini, akakaa juu yake, akataka aambiwe mtu huyo alikufaje. Fakhria akamweleza, kwanza kwa woga, halafu kwa mikono, kwa macho, kama alivyowaeleza wanafunzi wake. Ratilal alijaribu kumtetea malkia, akanyamazishwa na wote. Mzee Darwesh aliuliza kwa nini yule mwanamke hakumzuia mumewe asiondoke, na klabu nzima ikajibu kwa pamoja, nusu hivi na nusu vile. Naye akasema hapana, wote wamekosea, kosa ni la ndugu wa mfalme. Inspekta alimtazama Fakhria. Alikuwa ameziba mdomo kwa khanga, na machozi yake sasa yalikuwa ya namna nyingine.

Jogoo alikabidhiwa, na Mzee Kondo akavua joho kwa adabu. Alikuwa amelifukiza udi na kulilaza ndani ya shuka safi tangu usiku, akalivaa tena kwa ajili ya wafiwa tu. Alimwambia Mzee Darwesh hivyo, akamwomba radhi, kisha akamwarifu kwamba makubadhi hayatoki mpaka Mayala aje mwenyewe, peku, kutoka Choma. Watu wakaangua kicheko.

Mzee Darwesh alilikung'uta joho, akalikunja pande nne taratibu, kama lilivyokunjwa daima. Alilishika kidogo. Halafu akaliweka mikononi mwa binti yake.

"Huyu mfalme," aliuliza, "atakufa tena lini?"

"Ijumaa ijayo, baba. Mayala akirudi."

"Basi likae na wewe mpaka Ijumaa." Aliinua sanduku lake, akampa Inspekta kikapu cha migebuka amsaidie kubeba, kana kwamba polisi wapo kwa kazi hiyo. "Niwekeeni kiti cha mbele. Lakini kiwe mbali na Mzee Kondo. Nikiwa nalia, sipendi mtu acheke karibu yangu."